Fundi Cherehani na Kaunta ya Bibie

Fundi cherehani mmoja aliitwa Jicho Tosha, na jina hilo hakupewa bure. Mteja akisimama mlangoni pa kibanda chake, kabla hajamaliza kutoa salamu, fundi alikuwa ameshayajua mabega yake, kiuno chake, na kama upande mmoja umeshuka kwa mazoea ya kubeba mkoba. Futi ya kupimia aliivaa shingoni kuwaridhisha wasioamini. Aliwapima kwa heshima zote, akatikisa kichwa kama mtu aliyejifunza jambo, halafu akakata kitambaa kwa macho yake. Na nguo ilikaa. Wenye wivu walisema ni bahati, lakini bahati gani hiyo inayofungua kazi asubuhi na kufunga jioni?

Mtu mmoja tu ndiye ambaye Jicho Tosha hakumpima hata kwa kujifanya, naye ni mkewe. Magauni yake yote aliyashona mwenyewe tangu lile la harusi, na kimo chake alisema kimeandikwa ndani ya kichwa kwa wino usiofutika. "Mtu ninayeamka naye kila siku nimpime wa nini?" aliwauliza mafundi wenzake. Wenzake walirudi kwenye cherehani zao, kwa sababu wake zao wao walishonewa na mafundi wengine.

Mkewe alioka mikate. Aliioka nyumbani, akaiuza mlangoni, na mtaa mzima ulimwita Mama Mikate. Mumewe alimwita bibie, hasa akiwa anataka chai. Unga aliukanda chini, juu ya kibao kipana, yeye mwenyewe amekaa kwenye kigoda na miguu ameikunjua, na kwa namna hiyo alikuwa amesomesha watoto na kuwaoza. Kisha mgongo ukaanza kusema. Kwanza ulinong'ona, baadaye ukapiga kelele, mpaka akaenda hospitali. Daktari alimwambia bila kuzunguka: akande akiwa amesimama, kwenye meza inayolingana na kimo chake, la sivyo aachane na unga kabisa.

Habari hiyo alimpa mumewe huku anakunja nguo, kwa sauti ya mtu anayesema kuwa chumvi imekwisha. Lakini Jicho Tosha aliiona mikono yake. Ilikunja shati lilelile mara mbili. Mama Mikate bila unga angekuwa nani? Alikanda akiwa na furaha, alikanda akiwa na msiba, na siku walipogombana alikanda hadi ugomvi ukaisha wenyewe. Jicho Tosha akasema palepale kwamba itajengwa kaunta jikoni, ndefu, ya kushikana na ukuta, na kwamba itakuwa nzuri kuliko kaunta zote za mtaa.

Angekuwa mtu mwingine, kaunta ingesimama kabla ya wiki kwisha. Lakini Jicho Tosha alikuwa na maradhi yake. Msimu mmoja wa mvua, miaka ya nyuma, maji yaliingia kibandani mwake yakapanda mpaka kwenye kanyagio la cherehani. Mafundi wa safu ile walitoka wakilaani kila mwenye cheo, wakashika majembe kwenda kuuzibua mtaro. Walichokitoa humo kilikuwa vipande vya vitambaa, vitambaa vyao wenyewe, vile walivyovifagia nyuma kila jioni wakisema upepo unajua pa kuvipeleka. Jicho Tosha alitambua hata sare ya shule aliyoikata kwa mkono wake. Tangu hapo hakutupa hata uzi bila kujiuliza utaishia wapi, wala hakununua kitu bila kuuliza kimetoka wapi, na mito ya nyumba yake aliijaza vipande vya vitambaa hadi wageni wakawa wanaamka shingo zimekakamaa.

Basi akaenda dukani kwa shemeji yake. Huyu alikuwa mdogo wa kiume wa Mama Mikate, muuza vifaa vya ujenzi, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Watu hawa wawili walitaniana tangu siku ya posa, na hakuna aliyewahi kukubali kushindwa.

"Shemeji, usihangaike," alisema yule mwenye duka. "Nina granaiti nyeusi hapa. Ukiinama juu yake unajiona mpaka na dhambi zako."

"Imetoka wapi?"

"Stoo."

"Kabla ya stoo?"

"Melini."

"Na kabla ya meli?"

Shemeji alichomeka kalamu nyuma ya sikio. "Mlimani, shemeji. Mawe hutoka mlimani."

"Mlima gani? Na huo mlima sasa ukoje?"

"Hili ni jiwe, shemeji. Unaliuliza ukoo wake utadhani unaliposa."

"Linakuja kukaa na dada yako maisha yake yote. Lazima niulize."

Wakahamia kwenye mbao za kubandika, zile zinazotengenezwa kwa unga wa mbao na gundi. Jicho Tosha alizinusa, pua ikamwasha. Tena zikilowa huvimba, zikivimba hutupwa, na zikitupwa yeye alishajua mtaro zitakamoishia. Mbao ngumu halisi alizishika kwa mapenzi, akauliza mti wenyewe ulikuwa na umri gani, akaambiwa ni mti uliokuwepo kabla babu yake hajaota meno. Akazirudisha polepole kama mtu anayeomba radhi. Milango ya nyumba zilizobomolewa ilimvutia zaidi, lakini ilikuwa na rangi juu ya rangi, na hakuna aliyejua rangi zile za zamani zilichanganywa na nini. Hakutaka mikate ya mkewe ilale juu ya fumbo.

Mambo yakaendelea hivyo. Kila jioni alirudi na kasoro mpya ya kitu kipya, akaieleza kwa urefu, na mkewe akamsikiliza akiwa palepale sakafuni, anakanda, mkono mmoja ukimponyoka mara kwa mara kwenda kushika kiuno. Mimi nampenda sana Jicho Tosha, lakini kuna wema mwingine unaokawia hadi unafanana na ubaya. Mama Mikate naye aliuona. Siku moja akakanda donge la unga, akalitia bakulini, akalifunika kwa kitambaa safi na kujitanda vizuri.

"Twende dukani," alimwambia mumewe. "Wewe umeuliza maswali yako yamekwisha. Sasa unga ndio utakaochagua."

Watu walijaa mlangoni kwa shemeji kuja kumtazama. Mama mtu mzima alikuwa akipita kutoka bidhaa moja hadi nyingine, anaipangusa, ananyunyiza unga, anakanda kidogo, ananyamaza, anasonga mbele. Kwenye granaiti donge liliteleza vizuri, lakini alipomtazama mumewe alimwona amekunja uso kama anayewazia ule mlima, akaiacha. Kwenye vigae unga uliingia kwenye mistari ya katikati, na alijua angekuwa akichokonoa kwa kijiti mpaka kiama. Kwenye mbao za gundi hata hakukanda, alinusa tu. Shemeji aliwaambia wateja wake kwamba dada yake ni mkaguzi kutoka makao makuu.

Nyuma ya duka palikuwa na uwanja wa fundi wa tarazo, mtu mpole aliyeitwa Bwana Taratibu kwa kuwa neno hilo alilitaja kuliko jina lake mwenyewe. Tarazo watu wazima wanaijua: ndiyo zile sakafu za shule na hospitali za zamani, vijiwe vya rangi vimelala ndani ya saruji na kusuguliwa hadi vikang'aa. Bwana Taratibu alikuwa na benchi lake la kukalia wakati wa chakula, alilolitengeneza kwa masalio: vigae vilivyopasuka, vioo vya chupa, vipande vya sahani. Mama Mikate alimwomba ainuke. Akalipangusa benchi, akapiga magoti, akakanda. Donge lilijiviringa, likaachia lenyewe bila kubakiza hata chembe. Alipitisha kiganja juu ya vile vipande vya rangi, hakuna hata kimoja kilichomkwaruza.

"Hii," alisema.

Jicho Tosha alikuwa na neno, kama kawaida yake. "Lakini saruji nayo huchomwa kwenye matanuri. Moshi wake si mchezo."

"Taratibu, mzee," fundi alimjibu. "Saruji nitatia ya kushikia tu. Kilichobaki chote ni vyombo vilivyovunjika ambavyo vingetupwa, na likisuguliwa vizuri, bamba la kaunta watalikandia wajukuu zako. Ukitaka kaunta isiyo na dhambi hata chembe, mkeo atakandia hewani."

Jicho Tosha alitafakari, akaona amebanwa, akacheka. Na mtu huyo akishakubali jambo, basi tena. Alipita nyumba kwa nyumba na gunia kuomba vikombe vilivyovunjika, sahani zilizopasuka, chupa za buluu na kijani. Majirani walimpa kwa ukarimu ambao mtu huupata anapoomba takataka. Mama mmoja aliingia ndani akatoka na sahani nzima ya maua, zawadi ya mama mkwe wake, akaipigiza kwenye kizingiti mbele ya macho ya Jicho Tosha. "Hii nayo ilikuwa inakaribia," alisema, akamtilia guniani.

Kazi ilipoiva, Mama Mikate hakuwepo. Binti yao alikuwa amejifungua, na mama akaenda kumlea mzazi na kichanga. Jicho Tosha alifurahi kimoyomoyo, maana sasa kaunta ingekuwa ya kumshtukiza. Bwana Taratibu alimimina bamba uwanjani kwake, akaliacha likomae, akalisugua kwa jiwe na maji siku baada ya siku, mwisho akalipaka nta ya nyuki. Kisha akaja nyumbani kujenga nguzo za matofali za kulibeba, na akauliza swali ambalo fundi yeyote angeuliza.

"Kimo gani, mzee? Ya kukandia inataka kimo cha mkandaji mwenyewe. Mikono ikinyooka, viganja vilale juu. Tumsubiri mama arudi tumpime?"

Jicho Tosha alimtazama kama aliyeambiwa akaulize jina lake mwenyewe kwa jirani. "Mimi? Tumsubiri?" Akanyoosha kidole kwenye shati lake mwenyewe, chini kidogo ya mbavu. "Kiwiko chake kinafika hapa." Akakishusha kidole hadi nyongani. "Kiganja chake kinafika hapa. Jenga."

Bwana Taratibu akajenga. Jicho Tosha alimwomba jambo moja tu, kwamba bamba lilazwe juu ya chokaa laini badala ya saruji kavu, ili hata siku nyumba itakapobomolewa litoke zima likamfae mwingine. Wanaume wanne walilibeba likaingia kwa tabu mlangoni. Lilipokaa mahali pake, na jua la dirishani likagusa vile vioo vya buluu, shemeji mwenyewe aliyekuja kubeba alikosa la kusema, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza.

Mama Mikate aliporudi aliweka mzigo chini, akasimama mlangoni pa jikoni, akafunika mdomo kwa kiganja. Alizunguka akiigusa kaunta, anatambua kikombe cha fulani, sahani ya fulani, chupa ya dawa ya kikohozi waliyomnywesha mtoto wao mkubwa. Machozi yalimlengalenga. "Umenifanyia kitu," alisema, na Jicho Tosha alishinda siku nzima akipiga mluzi kibandani.

Lakini siku zikapita, na mikate ikawa inamshangaza. Haikuwa mibaya, ila ilikuwa ileile ya zamani, kana kwamba kaunta haipo, na mkewe alikuwa yuleyule wa zamani pia: akiinuka kitini alishika ukuta. Jioni akimuuliza vipi kaunta, alijibiwa kaunta ni nzuri mno. Adhuhuri moja alisahau miwani, akarudi nyumbani kuichukua, akapitia mlango wa nyuma. Alimkuta mkewe chini. Amekaa kwenye kigoda, kibao mbele yake, mikono imezama ungani hadi viwikoni, uso umejikunja kwa maumivu. Juu ya kaunta ilitandikwa kitambaa cheupe, na mikate iliyoiva imepangwa juu yake kama wageni wa heshima.

"Huipendi," alisema Jicho Tosha.

"Naipenda, mume wangu. Sijawahi kuwa na kitu kizuri hivi."

"Unaipenda ukiwa sakafuni?"

Mama Mikate akajinyanyua kwa hatua zake, akafuta mikono, akasogeza mikate, akasimama kwenye kaunta na kuweka viganja juu yake. Viwiko vikapanda na kutanuka, mabega yakakaribia masikio. Pale hakuna namna ya kuusukuma unga; labda kuupapasa tu. Jicho Tosha, aliyesoma mabega ya watu maisha yake yote, alielewa kabla hajaambiwa. Alichokosa kuelewa ni kosa la nani.

"Bwana Taratibu ameipandisha," alisema. "Nilimwonyesha vizuri kabisa. Leo atanitambua."

"Mwache fundi wa watu."

"Sasa kwa nini kaunta imepanda?"

"Kaunta haijapanda," mkewe alisema polepole. "Mimi ndiye nimeshuka."

"Umeshuka vipi? Magauni yako si nakushonea mimi? Lile la zambarau nimelimaliza juzi tu, na limekukaa."

Mama Mikate alimtazama kidogo, kama mtu anayepima iwapo daraja litambeba. Akaingia chumbani, akarudi na rundo la magauni mikononi, akayageuza pindo juu na kuyaweka kwenye kaunta. Jicho Tosha akavaa miwani. Gauni la zamani kabisa upindo ulikuwa wake, mshono wa cherehani, umenyooka. La baadaye lilikuwa limepindwa tena kwa mkono, upana wa kidole. Lililofuata, vidole viwili. La zambarau lilikuwa limekunjwa ndani karibu kiganja kizima, kwa uzi usiofanana na kitambaa, na mishono inayopanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Hakuhitaji kuuliza ni mkono wa nani. Mkewe alijua kila kitu duniani isipokuwa kushona.

"Miaka yote hii?" aliuliza.

"Si yote. Tangu watoto walipoanza kuondoka, labda. Unaniletea gauni, nasema ahsante, ukienda kazini napinda."

"Mimi ni fundi, bibie. Ungeniambia, ningekata fupi."

"Nilijua ungekata."

Jicho Tosha hakumdodosa. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopandisha joto hadi masikioni. Lakini chini ya aibu hiyo palikuwa na kitu kingine, nacho kilimjaa kifuani. Alimwona mkewe akiwa peke yake mchana, sindano mkononi, anajidunga vidole, anaharibu kazi yake nzuri kwa mishono mibaya, ili yeye aendelee kutamba mbele ya mafundi. Alimpenda wakati ule kuliko siku aliyomposa, na siku ile alimpenda sana.

"Vua ndala," alisema. "Simama hapa."

Akaivua futi shingoni. Ilibidi apige magoti kwenye sakafu yenye unga kuishikiza kwenye kisigino chake, akapandisha mkono mpaka kwenye kiganja kilichoning'inia pajani. Alisoma namba, akadhani futi inadanganya, akapima tena. Futi ilikuwa inasema kweli.

"Jicho langu limekufa," alisema akiwa bado magotini.

"Halijafa. Inuka, utachafua suruali."

Bwana Taratibu aliitwa, akaja na shemeji na wabebaji walewale. Chokaa iliachia bila ubishi, bamba likainuliwa zima, safu moja ya matofali ikatolewa kila nguzo. Shemeji alilibeba upande wake huku akihema, lakini pumzi ya kutania hakuikosa. "Umepima mtaa mzima, shemeji, ukamkosa unayelala naye." Jicho Tosha alimwacha aseme, kwa kuwa safari hii alistahili.

Walipotoka, Mama Mikate alinyunyiza unga, akaweka donge. Mikono ilinyooka yenyewe. Aliegemea mbele, uzito wa mwili ukashuka hadi viganjani, unga ukatanuka, akaukunja, akausukuma tena. Alikanda mikate yote ya siku ile akiwa amesimama. Alipomaliza aliufuta uso kwa mkono, akanyooka, akasubiri maumivu yaje kama kawaida yake. Yalikuja, lakini yalikuwa ya mtu aliyefanya kazi tu, na kesho yake aliamka akainuka kitandani bila kushika ukuta. Daktari alipomuuliza kama ameacha unga, alimpelekea mkate.

Jicho Tosha hakuridhika na kaunta peke yake. Jioni moja alikuja nyumbani na kitambaa kipya chini ya kwapa, cha rangi ya machungwa yaliyoiva, na futi mkononi badala ya shingoni. Alimkuta mkewe anasugua kaunta kwa kitambaa na nta.

"Nakushonea upya magauni yote," alisema. "Kwa kimo chako halisi. Hutashika sindano tena."

Mama Mikate aliendelea kusugua kwanza, hadi akafika mwisho wa kaunta.

"Kaunta umeishusha, na Mungu akubariki, maana mgongo si wa kuoneana haya," alisema. "Lakini magauni yaache."

"Yaache vipi? Ni marefu."

"Najua ni marefu. Kila ukiniletea gauni refu, najua kuna mtu mmoja bado ananiona vilevile nilivyokuwa. Kupinda nitapinda mwenyewe."

Jicho Tosha alisimama na kitambaa chake, akamtazama mwanamke yule mfupi mwenye unga kwenye nyusi. Kisha akaikunja futi akaitia mfukoni. Kesho yake kibandani alikitandaza kile kitambaa mezani, akakikata kwa kimo cha zamani, na safari hii alijua anachokifanya.